Mwangaza unaopima damu

Mara hii somo letu la fizike linatoka ubaoni na kuingia kituo cha afya. Wengi mmeona kile chombo kidogo kama kibanio cha nguo, ambacho muganga anakibana kwenye kidole cha mgonjwa, nacho kinaandika namba: 97, 92, 85. Kuna wanaofikiri kinanyonya damu. Hapana, kinatumia mwangaza tu.

Usiku, zimeni taa, kisha mbane tochi nyuma ya kidole. Kidole kitawaka chekundu, ni kusema mwangaza mwekundu unapita katika nyama. Damu iliyobeba oksijeni inauacha upite. Damu iliyokosa oksijeni ni nyeusi-nyeusi, inaumeza. Kuna mwangaza mwingine usioonekana kwa macho, infraruji, na huo mambo yake ni kinyume. Kibanio kinawasha taa mbili kwa zamu, moja ya nanometa 660, nyingine ya 940, na ng'ambo ya kidole kuna jicho linalopima kiasi kilichopita. Kwa kulinganisha hizo mbili, mashine inajua hemoglobini ngapi kwa mia zimebeba oksijeni.

Lakini ngozi na mfupa navyo vinameza mwangaza. Namna gani kuvitoa katika hesabu? Jibu lilitoka Japani mwaka 1974, kwa injinia Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden. Yeye alikuwa anatafuta kupima damu inayosukumwa na moyo, na mapigo ya mshipa yalikuwa yanamharibia mchoro wake. Akaona kumbe usumbufu ule ndio dawa: mfupa haupigi, ngozi haipigi, ni damu ya ateri inayopanda na kushuka pamoja na moyo. Basi hesabu kile kinachobadilika, acha mengine. Akili hiyo inatupendeza sana.

Sasa tufike kwenye hatari. Huku kwetu Mutarule malaria inamaliza damu ya watoto. Fikirini kamioni za barabara ya Luberizi kwenda Uvira. Zikipita mia, zote zimejaa, ni 100 kwa mia. Zikipita kumi tu, zote zimejaa, ni 100 kwa mia vilevile, lakini Uvira watalala njaa! Kibanio kinahesabu kamioni zilizojaa kwa mia, hakisemi ziko ngapi. Mtoto mwenye viganja vyeupe kabisa anaweza kuandikiwa 98, naye anahitaji damu upesi.

Tena makala. Ukilala na mbabula katika nyumba iliyofungwa, monoksidi ya karboni inashika hemoglobini mahali pa oksijeni. Damu hiyo ni nyekundu, na kibanio cha kawaida kinadanganyika, kinaona kama ni oksijeni.

Na rangi ya ngozi? Mwaka 2020 waganga wa Michigan, Marekani, walilinganisha namba ya kibanio na damu yenyewe ya ateri. Pale kibanio kilipoandika 92 mpaka 96, damu ilikuwa kweli chini ya 88 mara 11,7 kwa mia kwa wagonjwa weusi; kwa weupe mara 3,6 tu. Juu ya nini? Sababu moja ni kwamba vyombo hivyo vilisawazishwa kwa watu waliojitolea, ambao wengi wao walikuwa weupe. Januari 2025 idara ya Marekani inayosimamia vyombo vya matibabu ilipendekeza vijaribiwe kwa watu wengi zaidi, wa rangi mbalimbali za ngozi. Sisi tunaona wamechelewa, lakini afazali.

Zoezi. Gramu 1 ya hemoglobini ikijaa inabeba mililita 1,34 za oksijeni. Mtoto A ana gramu 4 kwa desilita moja ya damu, kibanio kinaandika 98. Mtoto B ana gramu 12, kibanio kinaandika 90. Damu ya nani imebeba oksijeni nyingi, na mara ngapi? Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa fizike.