Baipola: Mambo Yanayoongeza Uwezekano wa Kuugua

Baipola ni ugonjwa wa akili unaofanya hisia za mtu kupanda na kushuka kupita kiasi. Kuna siku ambapo mgonjwa hulala saa mbili au tatu tu bila kuchoka, huongea haraka, hutumia pesa ovyo na hujiona anaweza kila kitu. Baadaye huja majuma ya huzuni nzito, hata kuoga kukawa kazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa na ugonjwa huu.

Mara nyingi huanza mtu akiwa kati ya umri wa miaka 15 na 25, wakati yuko shuleni, chuoni au katika kazi ya kwanza. Ndiyo maana familia nyingi hukosea. Kijana wa Othaya akimaliza bonasi ya majani chai kwa siku mbili na kukesha akipanga biashara kumi, watu husema ni kiburi, ni pombe au ni laana ya ukoo. Miaka hupita kabla hajafikishwa hospitalini.

Ukoo

Jambo lenye uzito zaidi ni historia ya familia. Kati ya watu 100 wa kawaida, mmoja au wawili hupata baipola. Kwa wale ambao mzazi, kaka au dada anaugua, idadi hiyo hufika takriban 5 hadi 10. Maana yake ni kwamba walio wengi katika familia hizo hawataugua kamwe. Kinachorithiwa ni uwezekano, si ugonjwa wenyewe. Hata kwa pacha wanaofanana kabisa, mmoja anaweza kuugua na mwenzake asiugue.

Yanayoweza kuuamsha

Kwa mtu mwenye uwezekano huo, mambo haya yanaweza kuuamsha ugonjwa au kuurudisha:

- Kukosa usingizi. Kukesha usiku baada ya usiku, iwe kwa masomo, kazi ya zamu au matanga, kunaweza kuanzisha msisimko wa kupita kiasi.
- Bangi, miraa, muguka na pombe. Miraa na muguka huondoa usingizi. Bangi imehusishwa na ugonjwa kuanza mapema na kuwa mkali zaidi.
- Mshtuko na mateso. Kufiwa, ndoa kuvunjika, kupoteza kazi, au kupigwa na kunajisiwa utotoni huongeza hatari.
- Kujifungua. Majuma ya kwanza baada ya kuzaa ni ya hatari kubwa kwa mama aliyewahi kuugua au aliye na mgonjwa katika familia. Mama akianza kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, kusema mambo yasiyoeleweka au kushuku watu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.
- Dawa za huzuni zikitumiwa peke yake. Wagonjwa wengi huanza kwa huzuni, na dawa hizo zinaweza kuwasukuma upande wa msisimko. Mgonjwa amweleze daktari kama kuna baipola katika familia.

Familia ifanye nini

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha baipola. Daktari hutegemea maelezo ya mgonjwa na ya wanaoishi naye. Kwa hivyo, wazazi wasifiche kwamba mjomba au nyanya aliwahi kuugua. Kijana akijua, ataweza kulinda usingizi wake, kukaa mbali na mihadarati na kutafuta msaada mapema.

Ugonjwa huu una tiba. Dawa kama lithiamu, zikitumiwa kwa uangalizi wa daktari na kupimwa damu mara kwa mara, huwawezesha wengi kusoma, kulima na kulea familia. Dawa zisiachwe kwa sababu mgonjwa amepata nafuu.

Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 inazipa serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hizi katika vituo vyake. Mkazi anayeona dalili aanze kwa mhudumu wa afya ya jamii au kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kupewa rufaa. Mgonjwa akizungumzia kujiua, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali mara moja. Ushauri wa bure hupatikana pia kwa kupiga simu 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.