Mpelelezi Mwenye Mkia

Swali: Mwanangu wa miaka minane anapenda hadithi za wanyama wapelelezi. Nimsimulie zipi? – Mama, Mbagala

Jibu: Dada yangu, katika ngano zetu Sungura ndiye mkosaji, nasi tunamshangilia! Wapelelezi wa kweli wako Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, hata kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wa panya hao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia, akafichua mabomu zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku nishani ya dhahabu. Mwanzishie hapo, kisha muulize: panya huyo akishuka Mbagala Rangi Tatu, atanusa nini kwanza? Usimsahihishe. Andika anachosema.