Alama Haifutiki: Kuimarisha Rekodi ya Masomo Kabla ya Kuomba Nafasi ya Udaktari Marekani

Utangulizi

Nchini Kenya, mwanafunzi wa udaktari kwa kawaida huteuliwa kwa matokeo ya mtihani wa kitaifa wa shule ya upili. Marekani, masomo ya udaktari hufuata shahada ya kwanza, nayo shahada hiyo yaweza kuwa ya taaluma yoyote, hata ya lugha, mradi mwombaji awe amesoma kozi za sayansi zinazotakiwa. Je, aliyeteleza katika miaka ya kwanza ya chuo afanyeje? Makala haya yanakusudia kujibu swali hilo.

Hesabu ya alama

Wastani hupimwa kuanzia 0 hadi 4.0. Tumchukue mwanafunzi mwenye krediti 90 na wastani wa 2.8. Akisoma krediti 30 zaidi na kupata A katika kila kozi, wastani wake utafika 3.1 tu. Aidha, AMCAS, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi vya udaktari kupokea maombi, huhesabu kila jaribio la kozi iliyorudiwa. Aliyepata F kisha A atabaki na wastani wa 2.0 katika kozi hiyo. Waama, maji yakimwagika hayazoleki.

Mwelekeo wa rekodi

Hata hivyo, mfumo uo huo huonyesha wastani wa kila mwaka, na hutenga biolojia, kemia, fizikia na hisabati na masomo mengine. Kwa hiyo kamati ya udahili huona aliyeanza kwa 2.3 akamaliza kwa 3.9. Hapo ndipo penye tumaini.

Kutokana na hayo, mambo manne yafaa kuzingatiwa. Kwanza, chanzo cha kuanguka kitafutwe kabla ya kujisajili upya. Anayefanya kazi usiku kucha hataponywa na kozi mpya. Pili, badala ya kurudia kozi aliyoipita, mwanafunzi asome za juu zaidi, kama vile biokemia na fiziolojia. Tatu, akumbuke kwamba alama za uzamili huhesabiwa kando. Hazipandishi wastani wa shahada ya kwanza. Kozi za ngazi ya shahada zisomwazo baada ya kuhitimu ndizo huupandisha. Nne, ajiandae kwa mtihani wa MCAT, ambao alama zake ni 472 hadi 528. Mojawapo ya sehemu zake nne hupima ufahamu na uhakiki wa vifungu vya fani za binadamu na sayansi ya jamii. Mwanafunzi aliyezoea kuhakiki matini, kama wetu wa Kiswahili, haingii humo mikono mitupu.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba rekodi haifutwi, bali huendelezwa. Afadhali kuchelewesha maombi mwaka mmoja kuliko kuyapeleka kabla mabadiliko hayajaonekana. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.