Ukikata mabingobingo, acha sentimita ngapi chini?

Leo tuongee jambo linaloonekana dogo lakini linagusa mfuko moja kwa moja: urefu wa kisiki unachobakiza ukikata mabingobingo, yawe ya ng'ombe wako au ya kuuza kwa mizigo.

Kwanza tusichanganye vipimo viwili. Kipo kimo cha majani yanapokuwa tayari kukatwa, na kipo kimo cha shina linalobaki shambani. Cha kwanza wengi mnakijua: yakifika kama mita 1 bado ni laini na yana protini. Ukisubiri yafike mita 2 mzigo unakuwa mkubwa, lakini ng'ombe anachagua majani na kukuachia vijiti. Hiki cha pili ndicho kinachosahaulika.

Kwa nini kisiki kina thamani?

Mmea ukishakatwa hauna majani ya kutengenezea chakula. Machipukizi ya mwanzo yanaishi kwa akiba iliyoko chini ya shina na kwenye mizizi, na mengi yanatoka kwenye macho ya pingili za chini. Ukifyeka hadi udongo uonekane, umeondoa macho pamoja na akiba. Ukirudia hivyo kila mkato, mizizi inapungua, mashina mengine yanakufa, na magugu yanachukua nafasi.

Kuacha kisiki kirefu nako ni hasara. Ukiacha sentimita 30, chakula kimebaki shambani, na machipukizi yanatoka juu ya shina gumu yakiwa membamba.

Ushauri wangu: acha sentimita 10 hivi. Mvua zikielekea kuisha, acha 15 ili shamba liingie kiangazi na akiba.

Tupige hesabu

Chukulia shamba lina maji na mbolea ya kutosha, na unakata kila yanapofika mita 1. Yakifika hapo kila baada ya wiki 6, ndani ya wiki 48 unavuna mara 8. Yakidhoofika na kuchukua wiki 8, unavuna mara 6. Umepoteza mikato miwili kwa sababu ya vipande vifupi vya shina. Na kama una mteja wa kila wiki, au mkopo wa kurejesha, pengo hilo utalisikia.

Cha kufanya

1. Kata kijiti cha sentimita 10 na mpe kila kibarua. Anayelipwa kwa mzigo atakata chini ili ajaze haraka. Usimlaumu, kubalianeni kipimo kabla hajaanza kazi.
2. Noa panga. Butu linachana shina na kung'oa mashina machanga.
3. Baada ya kukata, palilia na rudisha samadi. Kila mzigo unaotoka umebeba rutuba ya shamba lako.
4. Usiingize ng'ombe kumalizia visiki. Watakula yale machipukizi unayoyasubiri.

Kama bado una shaka, pima mwenyewe. Tenga vipande viwili vya mita 5 kwa 5, kimoja kata chini kabisa, kingine acha sentimita 10. Vipe mbolea sawa na ukate siku moja. Pima uzito kwa mikato mitatu na uandike kwenye daftari. Mkato wa kwanza usikudanganye, subiri wa tatu.

Kazi njema.