Rangi Ilipofanywa Sheria: Somo la Afrika Kusini

Wengi wetu hudhani kuwa ubaguzi wa rangi ni tabia mbovu ya mtu mmoja mmoja, nayo huondoka kwa kunasihiwa. Yaliyopita Afrika Kusini yatufundisha kuwa ubaguzi waweza kuwa jengo, na kila jiwe lake ni sheria iliyotiwa sahihi.

Msingi wake ulikuwa ardhi. Waholanzi walishuka Cape mwaka 1652, kisha Waingereza wakaishika. Na mwaka 1910 makoloni manne yakafanywa dola moja iliyo mikononi mwa wazungu. Haikupita ila miaka mitatu, ikatoka Sheria ya Ardhi ya 1913, iliyowafungia Waafrika, nao ndio wengi, katika sehemu ipatayo 7 kwa mia ya nchi. Sheria ya 1936 iliiongeza ikakaribia 13 kwa mia. Asiye na shamba hana budi kumtumikia mwenye shamba. Na ili asiende atakako, akabebeshwa pasi.

Kuta zake zilikuwa daftari. Chama cha makaburu kilishinda uchaguzi wa 1948, na mwaka 1950 zikatoka sheria mbili: ya kumwandika kila mtu kwa rangi yake, na ya kumpangia mtaa kwa rangi hiyo. Waliotiliwa shaka walichomekwa kalamu ya risasi nyweleni, ionekane kama itakwama au itaanguka. Jamaa wa nyumba moja wakaandikwa mafungu mbalimbali.

Sasa tazameni Waislamu wa Cape Town, ambao wengi wao ni wazao wa watumwa na wafungwa waliochukuliwa kutoka Asia. Waliandikwa katika fungu la machotara. Mtaa wa Bo-Kaap ukatengwa uwe wao, na majirani zao wasio Waislamu wakaondolewa. Huenda mtu akaiona hiyo ni heshima. Lakini mwaka 1966 mtaa wa District Six ulitangazwa kuwa wa wazungu. Watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa, na Waislamu wakiwamo. Nyumba zikabomolewa, misikiti ikabaki imesimama pasi na majirani. Mkono uliotoa mtaa kwa rangi ndio uliotwaa mtaa kwa rangi.

Hata kura ilikwenda hivyo. Waafrika wa Cape waliondolewa katika daftari la wapiga kura wote mwaka 1936. Machotara wakafuatia mwaka 1956.

Imamu Abdullah Haron wa Cape Town aliyafahamu haya. Hakutosheka na fungu alilopewa, bali alikwenda kuwasaidia Waafrika katika mitaa yao. Alikamatwa Mei 1969, akafia kizuizini tarehe 27 Septemba mwaka huo. Mwaka 2023 mahakama iliamua kuwa kifo chake kilitokana na mateso ya polisi.

Daftari la rangi lilifutwa mwaka 1991, na mwaka 1994 watu wote wakapiga kura pamoja. Basi tuzingatie: dhulma ikigawa watu mafungu, humpa mmoja kidogo ili amnyamazie mwenziwe. Anayekipokea hicho kidogo na akanyamaza, naangalie: zamu yake imeandikwa katika daftari hilo hilo.