Utabiri wa Mvua Ndefu: Sisi wa Bondeni Tuusome Vipi?



Machi ikikaribia, kila mtu huuliza, "Mvua itaanza lini?" Ni swali zuri kwa mkulima. Lakini sisi wa Mai Mahiu, tunaokaa chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, tuna swali la pili ambalo tunalisahau: "Itanyesha wapi?"

Tulijifunza kwa uchungu. Jumatatu, 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, maji yalishuka kutoka upande wa Old Kijabe yakabeba nyumba, magari na watu waliokuwa wamelala pale Kamuchiri. Zaidi ya watu 45 walifariki. Wengi walisema ni bwawa limepasuka. Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya mto chini ya tuta la reli iliziba kwa uchafu uliobebwa na mvua, maji yakajaa nyuma yake, kisha yakafumuka kwa pamoja.

1. Maneno ya utabiri

Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wa Machi hadi Mei. Huo husema kama mvua itazidi wastani au itapungua, nao hutusaidia kuchagua mbegu. Lakini utabiri wa siku chache, na onyo la mvua kubwa, ndio wa kuokoa maisha.

Ukisikia redioni "zaidi ya milimita 20 kwa saa 24", usidharau. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Basi milimita 20 kwenye ekari moja ni karibu lita 80,000, yaani mitungi 4,000 ya lita 20. Punda akibeba minne, ni safari elfu moja! Na hiyo ni ekari moja tu ya mteremko.

2. Upepo

Idara pia huonya upepo mkali, kwa kawaida ukitarajiwa kupita karibu kilomita 46 kwa saa. Upepo kama huo hung'oa mabati na kuangusha vibanda vya barabarani. Piga misumari kabla ya mvua. Usijikinge chini ya mti, maana radi nayo haichagui mtu.

3. Funzo la rubani

Ndege ndogo zitokazo Wilson kwenda Masai Mara huvuka bonde letu. Rubani haondoki eti kwa sababu Wilson kuna jua. Huuliza: mawingu yamefunika Ngong? Njiani mtu anaona mbali kiasi gani? Upepo wa kule ninakotua unatoka wapi? Kuna mawingu ya radi? Majibu yakiwa mabaya, anangoja, na hakuna anayemwita mwoga.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Hapa kwetu nyota zinaweza kuwa zinaonekana, kumbe huko juu Kijabe na Kinangop kunanyesha tangu jioni. Maji hayo yanakuja kwetu.

4. Tufanye nini?

– Kila kikundi kiwe na namba ya simu ya watu wawili wanaokaa juu ya mteremko. Siku ya onyo, tuwapigie kabla ya kulala.
– Februari, tutembee pamoja kwenye makalvati na mikondo ya maji. Panapoziba, tumwarifu chifu mapema, kwa barua, tubaki na nakala.
– Usiku wa onyo, watu wakeshe kwa zamu, wawe na filimbi.
– Tusivuke maji yanayokimbia. Hata yasiyofika magotini humwangusha mtu mzima.

Tunajua kuna mtu ploti yake ya bondeni ndiyo mali yote aliyo nayo. Kumwambia "hama" ni rahisi kwa anayesema. Lakini usiku mmoja kwa jirani aliye juu hauhitaji pesa. Na mvua isipokuja, tusimcheke aliyehama. Aliyelala kwa jirani bure ameamka.

Maswali ya kujadili

1. Maji yanayopita karibu na nyumba yako yanatoka wapi?
2. Nani atamwamsha mzee au mgonjwa aliye peke yake?
3. Ni nyumba ipi katika mtaa wetu iko juu na iko tayari kupokea watu?