Faili Lipo, Ruhusa Hakuna: Kukabili Kosa la 403 katika Amazon S3

Ukiomba faili kutoka Amazon S3 ukajibiwa "Access Denied" na namba 403, usikimbilie kuifungua baketi, yaani chombo kinachohifadhi mafaili hayo, kwa umma. Wapo wanaofanya hivyo ili kazi isonge. Kosa huenda likaondoka kweli, lakini majalada ya wagonjwa au orodha ya mishahara hubaki wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Tangu Aprili 2023 baketi mpya huja zikiwa zimezuiwa kwa umma. Kiache kizuizi hicho mahali pake.

Anza kwa kujua ni nani anayeomba. Amri ya `aws sts get-caller-identity` itakutajia akaunti na utambulisho unaotumika wakati huo. Iendeshe palepale programu inapofanyia kazi, si kwenye kompyuta yako, kwa kuwa mara nyingi programu huingia kwa utambulisho tofauti kabisa na ule uliopewa ruhusa.

Kisha soma mstari wa `Resource` ndani ya sera, yaani hati inayoupa utambulisho huo ruhusa. Hapa ndipo wengi hukwama. Ruhusa ya kuorodhesha, `s3:ListBucket`, hutolewa juu ya baketi yenyewe, mfano `arn:aws:s3:::ripoti-za-mwezi`. Ruhusa ya kusoma, `s3:GetObject`, hutolewa juu ya mafaili yaliyomo, hivyo unaongeza `/*` mwishoni: `arn:aws:s3:::ripoti-za-mwezi/*`. Alama hizo mbili zikisahaulika, kusoma faili kunakataliwa hata kama mengine yote yako sawa.

Jina la faili nalo likaguliwe, herufi kubwa kwa ndogo. Asiye na ruhusa ya kuorodhesha akiomba faili lisilokuwepo hujibiwa 403, wala si 404, akabaki kuhangaika na sera isiyo na tatizo.

Bado unakataliwa? Tafuta neno `Deny`. Katazo lililoandikwa wazi, liwe kwenye sera ya baketi, ya mtumiaji au ya shirika zima, hushinda kila ruhusa. Faili lililosimbwa kwa ufunguo unaousimamia mwenyewe katika KMS, huduma ya AWS ya kutunza funguo, huhitaji pia `kms:Decrypt`. Na baketi ikiwa ya akaunti nyingine, sera za pande zote mbili lazima ziruhusu.

Ukiomba msaada kwa msimamizi, mpelekee saa ya tukio, jina la baketi na namba ya ombi iliyo kwenye ujumbe wa kosa. Funguo zako za siri usimtumie mtu yeyote, hata yeye.